Koti la Mvua kwa Mali Kauli

3 Februari

Kifungo mwanangu,

Usishtuke kuona bahasha. Sijafa. Ningekufa ungepigiwa simu, maana kaka yako simu haimtoki mkononi, hata msalani anaingia nayo. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii siku hizi ni duka, duka lina meneja, na meneja ndiye huyo kaka yako. Nikitaka kuongea na wewe lazima nipitie kwake, akuandikie, anisomee ulichojibu. Sasa mimi na wewe tukitaka kumsengenya tutamsengenyea wapi? Barua nampa kondakta wa basi. Simlipi. Nilimuuzia suruali mbili alipokuwa anaoa, moja haikuwa na zipu, mpaka leo akiniona anacheka.

Habari kubwa ni kwamba sanduku la mama yako nimelifungua. Unamjua mama yako. Kila robota la mitumba nililofungua pale kibandani, kabla mteja hajatia mkono, yeye alitangulia kuchagua nguo moja, ile bora kuliko zote, akatia uzi mwekundu ndani ya ukosi, akaifungia. Hakuivaa. Nikimwambia, "Mke wangu, hiyo moja ingerudisha nusu ya robota," ananijibu, "Hiyo ndiyo itakuzika." Haya, ametangulia yeye, na mimi sijazikwa, ila macho yananizika kidogo kidogo.

Daktari anasema ni presha ya macho. Si ukungu wa kupanguswa. Akinipasua, nuru iliyobaki itabaki. Iliyokwenda imekwenda. Nikichelewa inaendelea kwenda. Sasa hivi natazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kifungo, ndiyo maana nimekukumbuka wewe.

Kwa hiyo tunauza nguo za mama yako, tupate hela ya kupasua. Meneja amefungua duka kwenye soko la mtandaoni. Tumeanza na lile koti la kijani. Nikampa bei yangu, elfu sitini. Akaniletea elfu thelathini na moja. Nikamuuliza, zile nyingine zimekwenda kunywa chai? Akasema, "Baba, ada." Ada ya kuweka picha. Ada ya watu kuangalia. Ada ya kufunga mzigo, ada ya kutoa hela. Mimi enzi zangu nilikuwa na ada moja tu, ushuru wa soko, na nikimwona mtoza ushuru nalala chini ya meza. Na nguo ikigoma kununuliwa nilikuwa namwambia mteja, "Mama, wahi, kuna mtu mwingine ameiulizia, kaenda kuleta hela." Mtu mwenyewe hajazaliwa! Kaka yako alikuwa mdogo, amekaa juu ya robota, anajiziba mdomo asicheke.

Wewe uliwahi kuuza nguo zako humo. Niambie, hilo soko lina midomo mingapi?

Ukijibu andika herufi kubwa kama za ubavuni mwa lori. Jirani yetu fundi saa ameniazima ile lenzi yake ya shaba ya kubana jichoni. Nikiivaa nafanana na mwizi wa benki.

Baba yako,
Mzee Robota


15 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini, nimesimama mbele ya mashine ya kunyoosha mashuka. Msimamizi alidhani nimepata msiba kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa, kumbe nacheka na mtoza ushuru wako.

Sasa nisikilize, na usinikatize kwa utani. Kuweka picha ni bure. Watu kuangalia ni bure, waangalie mpaka wachoke. Nauli ya mzigo analipa mnunuzi. Soko linakata mara moja tu, sehemu ya kumi ya bei, na linakata lenyewe mteja akishabonyeza kwamba amepokea nguo. Kabla ya hapo hela inashikwa na soko, si na mteja wala si na wewe. Ipo ada nyingine ya kupandisha tangazo likae juu ya mengine, lakini hiyo ni ya hiari, na nguo za Mama hazihitaji kubebwa mgongoni. Koti la elfu sitini lilitakiwa likuletee elfu hamsini na nne. Labda Meneja amebonyeza mahali asipopajua. Mwambie akufungulie ukurasa wa malipo, kila kilichokatwa kimeandikwa pale.

Na jihadharini. Mimi nililizwa, sikuwahi kukwambia. Mtu alipenda jaketi langu la ngozi, akaniambia tuhamie pembeni tuzungumze nje ya soko, humo ndani wanakata sana. Nikahama kama kondoo. Akanitumia picha ya malipo. Picha, Baba! Nikampa mwenye pikipiki jaketi langu, nikakaa nasubiri hela mpaka leo. Tangu hapo nimejua sura zao. Anayekutoa nje ya soko ni tapeli. Anayekuomba namba ya siri uliyotumiwa kwenye simu ni tapeli. Anayekwambia lipa kwanza ndipo upokee hela yako mwenyewe, huyo ni tapeli mkubwa, maana hela yako haina mlango wa kulipia. Na anayekuharakisha, wahi wahi kuna mwingine anasubiri, huyo naye mtazame mara mbili. (Wewe nimekusamehe.)

Hospitali wamesemaje tarehe?

Mwanao,
Kifungo


28 Februari

Mwalimu wangu wa utapeli,

Barua yako nimeisoma na lenzi mpaka jicho likatoka machozi, fundi saa akanipa kitambaa cha kufutia saa. Umeandika vizuri. Ningekuwa na binti kama wewe enzi za kibanda ningekuwa na maduka matatu na presha ya damu.

Lakini umechelewa kidogo, kama kawaida yako. Wiki ile ile tulipata mnunuzi mkubwa. Alitaka buti za mama yako na sweta la bluu, vyote viwili, hakuomba kupunguziwa hata senti. Mimi nikashtuka, mtu asiyebishana bei ana homa au ana njama. Meneja akasema watu wa mtandaoni ndivyo walivyo. Mzigo ukaenda. Hela ikakwama. Meneja akasema soko linataka ada ya kufungulia malipo kwa sababu duka letu ni jipya. Nikauza redio. Sasa taarifa ya habari naisikia kwa jirani kupitia ukutani, nusu nusu, sijui kama ni vita imeisha au ni mpira.

Hela ilifunguka, ikaja elfu ishirini. Nimeiweka kwenye mkebe wa hospitali. Mkebe bado mwepesi, nikiutikisa unalia kama kayamba.

Unasema nimwambie anifungulie ukurasa wa malipo. Hapo mwanangu hujui biashara yangu. Mimi nguo za mama yako nimempa Meneja kwa mali kauli. Ulikuwa unaona pale kibandani wachuuzi wakija alfajiri. Mchuuzi anachukua nguo bila kulipa, tunakubaliana bei yangu kwa mdomo tu, anakwenda kutembeza. Jioni analeta ile bei. Akiuza mara tatu ni bahati yake, akiuza kwa hasara ni jasho lake. Mimi simuulizi umeuza ngapi. Ukimuuliza umeshamwita mwizi, na kesho anachukua kwa mwingine. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na watu nisiowajua hata wanakolala. Sasa nikamuulize mwanangu wa kumzaa nilichokuwa simuulizi mtu baki?

Hospitali wamesema niende nikiwa na hela. Tarehe wanazo nyingi.

Baba yako mwenye jicho la shaba,
Mzee Robota


11 Machi

Baba, shikamoo.

Aliyekwambia ulipe ndipo upokee ni tapeli. Nilikuandikia kwa herufi za lori. Hakuna ada ya kufungulia malipo, haijawahi kuwapo, duka liwe jipya au la zamani. Aliyeichukua hela ya redio yako ni mwizi, na sijali ana sura gani.

Mali kauli ilikuwa ya watu mliokuwa mnaonana machoni kila asubuhi, Baba. Huku mtandaoni ukitoa nguo kwa neno tu, unabaki na neno.

Nina maswali mawili. Unijibu, na tafadhali usimwambie Meneja kama nimeuliza. Lile koti la kijani ndilo lenye vifungo vya pembe, kimoja kikiwa cha rangi tofauti? Na gauni la manjano, lile Mama alilokuwa akilitoa kulipigisha jua na kulirudisha, bado lipo sandukuni?

Mwanao,
Kifungo


30 Machi

Kifungo,

Ndiyo, vifungo vya pembe, na kimoja ni cha suruali ya babu yako mzaa mama. Mpelelezi gani wewe.

Gauni la manjano halipo. Hili lina hadithi, kaa chini. Wiki mbili zilizopita lilipata mteja, mwanamke wa huko huko mjini kwenu. Nikampa Meneja bei, elfu arobaini. Likafungwa, likaenda. Baada ya siku chache Meneja akaja kakunja uso, nikausikia uso ulivyokunjwa kwenye sauti. Akasema, "Baba, tumepigwa." Yule mwanamke amepokea gauni, halafu amelalamika sokoni kwamba limetoboka kwapani, soko likamrudishia hela yake, na gauni kabaki nalo! Na sisi tukatozwa ada ya malalamiko.

Nilimtukana huyo mwanamke matusi ambayo mama yako alikuwa ameyapiga marufuku nyumba hii. Nikamwombea avae gauni hilo siku ya mvua likamgande. Nikamwombea zipu imng'ate. Mtu gani anamwibia kipofu? Fundi saa alikuwepo, akasema, mzee pole, watu wa mjini hawana utu. Kama unamjua mwanamke wa aina hiyo huko, mtemee mate kwa niaba yangu.

Macho yanapungua. Barua hii nimeiandika kwa kuweka rula chini ya kila mstari, ukiona imepanda kilima ujue rula iliteleza. Tundu la kifungo limekuwa tundu la shanga. Masikio ndiyo yamepata ajira. Meneja ana viatu vipya, sijaviona ila navisikia, vinalia kwii, kwii, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Nimemuuliza ni nini kinacholia, akasema mlango. Huu mlango wetu siku hizi unatembea.

Baba yako,
Mzee Robota


12 Aprili

Baba,

Yule mwanamke mwizi ni mimi.

Gauni la manjano ninalo. Limetundikwa ukutani mbele yangu ninapokuandikia hivi, na uzi mwekundu wa Mama uko ndani ya ukosi. Kwapani halijatoboka. Sikulalamika kokote. Nilipolipokea nilibonyeza kwamba nimepokea, na dakika ile ile hela ikatoka kwa soko ikaenda dukani kwa Meneja. Sikulipa elfu arobaini. Nililipa laki moja na ishirini, ndiyo bei aliyoandika.

Nilianza kuhisi ulipotaja ada ya kufungulia. Nikalitafuta duka. Halikuwa kazi, ameliita Sanduku la Mama. Baba, ameliita Sanduku la Mama! Koti la kijani lilikuwa bado na picha, na alama kwamba limeuzwa, laki moja na nusu. Nikavuta picha karibu nikaona kifungo cha babu. Nilitaka kuwa na hakika kabla sijasema neno baya juu ya kaka yangu, ndipo nikanunua gauni kwa jina la mwenzangu wa kazini. Nilikopa.

Kwa hiyo hakuna ada ya picha wala ya malalamiko, na hakukuwa na mnunuzi mkubwa. Tapeli niliyekufundisha kumwogopa, wa kulipa kwanza, na yule nisiyemtaja, wa kukuficha ukurasa wa malipo, amewacheza yeye mmoja humo humo ndani, huku anakupikia chai. Kwa hela ya koti na gauni peke yake ungekuwa umeshapasuliwa. Jicho lako lipo miguuni mwake, linalia kwii kwii.

Naomba ufanye hivi. Mnyang'anye simu. Usimpe nguo nyingine hata soksi. Nitumie sanduku lote na huyo kondakta, mimi nitauza, na kila senti nitaituma moja kwa moja hospitali kwa jina lako. Usikubali maelezo yake. Nimekasirika mpaka leo nimeunguza mashuka mawili ya hoteli.

Mwanao,
Kifungo


5 Mei

Kifungo,

Nimekawia kwa sababu barua yako nilisomewa. Lenzi haifai tena. Fundi saa alinisomea, na mara ya kwanza aliruka mistari, maana alianza kukohoa mahali pasipo na kikohozi. Nikamwambia, rudi usome na ile uliyoiruka. Akasoma. Halafu akaaga, akasahau lenzi yake kwangu. Mtu anayesahau kifaa chake cha kazi ameona aibu kubwa.

Kwanza nakuomba radhi kwa matusi. Ile zipu nimeifuta.

Pili, nilijua. Nisijitie ujanja, si tangu mwanzo. Redio niliiuza nikiwa mjinga kamili. Nilijua tangu viatu. Mtu aliyeuza nguo maisha yake yote anajua sauti ya ngozi mpya, na anajua sauti ya mtu anayetaja bei huku akiwa ameshaipandisha. Mimi ndiye niliyemfundisha hiyo sauti. Alikuwa amekaa juu ya robota, unakumbuka.

Utauliza kwa nini sikusema. Asubuhi ananishika mkono mpaka msalani, anasimama nje anapiga mluzi nisione haya. Ananinyoa na hajanikata hata mara moja. Anafua. Ananitolea miiba kwenye samaki. Nikisema, "Wewe mwizi," atakana, au atalia, au ataondoka na viatu vyake. Akiondoka nitashika mkono wa nani? Ukuta?

Umenifundisha ada vizuri sana. Iliyo ya lazima, iliyo ya hiari, na ile ya wizi. Moja hukuiandika. Kuna ada ya kuwa na mtoto karibu. Naye amejikatia mwenyewe, amekata kupita kiasi, hilo sikatai.

Na wewe usinione kipofu kabla ya wakati. Umeandika kurasa tatu. Umesema nikutumie sanduku. Nilimwambia fundi saa ageuze karatasi, aangalie nyuma kama umeandika mahali, "na wewe Baba, uje." Akageuza. Akasema hakuna kitu. Nikamwambia angalia kwenye bahasha. Akaangalia.

Wewe hukati ada, ni kweli. Ila tangu tumzike mama yako, mzigo wenyewe hujaja hata kuugusa.

Nimesema kwa ukali. Mkono hauoni unachoandika.

Baba yako


14 Mei

Baba, shikamoo.

Chumba changu kina kitanda kimoja. Nalala mimi mchana mwenzangu ninayepanga naye akiwa kazini, analala yeye usiku nikiwa kazini. Siku tukiwa wote wawili mapumzikoni, mmoja analala sakafuni. Sikukuandikia "uje" kwa sababu hakuna mahali pa kuweka hata fimbo yako. Ningeweza kuliandika tu ufurahi. Sikuliandika.

Haya, umenishinda.

Lakini hiyo presha haisubiri tusameheane. Mwambie Meneja unajua. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sina mdomo wako mzuri.

Gauni bado nimelitundika. Sijalivaa.

Kifungo


9 Juni

Dada,

Huu ni mwandiko wangu mimi, kaka yako. Baba hawezi tena kufuata mstari hata kwa rula. Amesema niandike kila neno atakalotamka, nisikate hata moja, anasema maneno hayana ada. Kuanzia hapa ni yeye.

Kifungo. Habari za mashuka? Nimemwajiri karani, huyu hapa. Fundi saa amegoma kunisomea na kuniandikia, anasema familia yetu inamharibia saa. Andika, Meneja. Ndiyo, na hilo andika.

Nimetoka hospitali. Jicho la kulia limefunga duka. Daktari aliwasha kitochi chake mbele ya jicho hilo, nikamwambia, daktari, washa. Akasema, mzee, limewaka. La kushoto lina nuru ndogo, ukitoboa karatasi kwa sindano ukachungulia, hivyo. Wakipasua mwezi huu, itabaki hiyo ya sindano. Mwezi ujao hawaahidi.

Andika hili sasa. Dada yako ndiye aliyenunua gauni la manjano.

Mbona kalamu imesimama? Andika. Yule mwanamke tuliyemtukana mimi na wewe, mimi kwa mdomo na wewe kwa kuitikia, ni dada yako, na gauni lake halina tundu. Alilipa laki moja na ishirini kwa hela ya kukopa. Andika laki moja na ishirini, wewe hesabu unazijua. Na koti la kijani lilikwenda kwa laki moja na nusu. Na kwa hela ya redio niliyoiuza nililipa ada ya kupewa hela yangu mwenyewe.

Usilie kwenye karatasi, wino utatawanyika, Kifungo atadhani ni mimi.

Viatu siku hizi havilii. Umevivua au vimekuwa vya zamani? Usinijibu. Andika tu.

Sasa nisikilizeni wote wawili, wewe uliye karibu na wewe uliye mbali. Sanduku limebaki na nguo moja, koti la mvua. Hili halina uzi mwekundu, kwa sababu hili mama yenu hakulifungia, alilivaa. Alisimama nalo kibandani masika yote akishikilia turubai, mimi nikiwa chini ya meza na mtoza ushuru akipita. Nimelipapasa leo, mfuko wa kushoto bado una pini zake.

Koti hili namkabidhi Meneja kwa mali kauli, mbele yako wewe Kifungo kama shahidi. Bei yangu ni jicho la kushoto. Sitaki kuhesabiwa hela, noti kwangu zote sasa ni karatasi. Nataka siku moja mwezi huu nishikwe mkono, nipelekwe hospitali, nilazwe, nipasuliwe. Hela itatoka wapi ni juu ya mchuuzi. Ya koti la kijani, ya gauni, ya viatu, anajua mwenyewe. Atakachopata juu ya bei yangu ni chake, sitamuuliza. Sijawahi kumuuliza mchuuzi, sitaanza na wa kumzaa.

Na akishindwa, hajanidhulumu hela. Aje asimame mbele yangu nimtazame, kama nitakuwa na cha kumtazamia.

Nimemaliza. Niwekee kidole gumba hapo kwenye wino. Hapo? Hapo ndipo?

Mzee Robota


Dada, ni mimi tena. Nimeandika kila neno, Baba amekwenda kujinyoosha. Maneno ya hapo juu tutayaongea.

Koti la mvua liko hali nzuri, limechanika kidogo tu mfukoni. Nimeliweka sokoni sasa hivi. Kama unalitaka, wahi. Kuna mtu mwingine ameliulizia.